Tuta la bwawa la starehe limechoka, nasi tuko chini yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wenye bwawa. Klabu inayomiliki bwawa la kuvulia samaki na kuendeshea mashua, lililo juu ya bonde letu, imejibu barua yetu kuhusu usalama wa tuta lake. Ukiondoa salamu na shukrani, jibu lenyewe ni moja: tuta limesimama miaka mingi bila tatizo, kwa hiyo tusiwatie watu hofu. Mimi ni fundi mstaafu wa idara ya maji. Kazi yangu ilikuwa kutembea juu ya matuta ya udongo nikitafuta yanapovuja. Jibu la aina hiyo nimelisikia kwa wenye mabwawa wengi, na kila nilipolisikia nilirudi kulikagua tuta upya.

Niseme nilichokiona. Njia ya umma inapita chini ya tuta, upande mkavu, kwa hiyo sikuruka uzio wa mtu. Upande huo umeota miti, mingine minene kuliko paja langu. Wanachama wanaipenda kwa kivuli. Mzizi huingia ndani ya udongo ulioshindiliwa. Mti ukifa, mzizi huoza na kuacha tundu ambalo maji hayachelewi kulipata. Upepo mkali ukiung'oa mti mzima, unaondoka na pande la tuta. Nawaomba pia wasikimbilie kuikata yote kesho kwa msumeno, maana mizizi ya mti uliokatwa huoza vilevile. Kazi hiyo inataka mhandisi asimamie, visiki vitolewe na udongo ushindiliwe tena.

Kando ya mdomo wa bomba la kutolea maji pana sehemu isiyokauka hata katikati ya kiangazi, na matete yameshamiri hapo. Kuvuja peke yake si ajabu. Matuta yote ya udongo huvuja kidogo. La kuangalia ni rangi: maji maangavu yanatoka peke yake, maji ya tope yanatoka na tuta. Nilikinga kidogo kwenye chupa ya kioo nikaiacha itulie, na chini yakajikusanya mashapo membamba yenye rangi ya udongo wa tuta lile lile. Huenda ni uchafu wa juu tu. Ndiyo sababu ya kupima: kuwekwe kikingio chenye kipimo, na mtu aandike kiasi na rangi kila wiki. Daftari la shule linatosha. Nilipouliza kama daftari la namna hiyo lipo, mlinzi alinionyesha daftari la wageni.

Bomba lenyewe ni la mabati yenye mikunjo, na limelala humo tangu tuta lilipojengwa. Mabomba ya namna hiyo huzeeka kabla ya tuta lenyewe. Kutu ikilitoboa, maji huanza kuusomba udongo unaolizunguka, chembe kwa chembe, na aliye nje haoni kitu mpaka siku shimo linapotokea juu ya tuta. Valvu ya chini, ile ya kushushia maji ya ziwa, nayo sijaona ikifunguliwa.

Kinachonitisha zaidi, hata hivyo, ni utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada wakati wa mafuriko. Klabu imeweka wavu pale ili samaki wasitoroke, na mbao juu ya kizingiti ili ziwa libaki limejaa na mashua zisikwame kwenye tope. Naielewa hamu yao, kwani samaki wamenunuliwa kwa fedha. Lakini utoro una kazi siku chache sana, na siku hizo ndizo wavu unapokamata magogo, majani na takataka za mto mzima. Maji yakikosa njia yatapita juu ya tuta. Tuta la udongo halivumilii hilo: maji hulitafuna kuanzia upande mkavu, yakirudi nyuma hadi yakutane na ziwa.

Haya yote yalikwishatokea, tena kwenye bwawa la klabu. Bwawa la South Fork, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilijengwa na serikali ya jimbo ili kulisha mfereji wa mashua. Reli ilipoufanya mfereji ukose kazi, bwawa likauzwa, na mmiliki mmoja akang'oa mabomba ya chini akayauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 likaingia mikononi mwa klabu ya uvuvi ya matajiri wa Pittsburgh; Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Wakaliziba na kulijaza bila kurudisha mabomba, hivyo hapakuwa na namna ya kulishusha. Wakapunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite juu. Wakaweka wavu wa samaki kwenye utoro.

Mwaka 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma cha Cambria kilichokuwa bondeni, alimtuma mhandisi John Fulton akalikague. Fulton alieleza kasoro za ukarabati na kukosekana kwa mabomba. Klabu ikamjibu Morrell kwamba yeye na watu wake hawamo hatarini. Mvua kubwa ilinyesha, na tarehe 31 Mei 1889 maji yakapita juu ya tuta na kulibomoa. Mji wa Johnstown ulikuwa zaidi ya kilomita 20 chini ya mto. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Waliofungua kesi dhidi ya klabu hawakupata kitu.

Anayesema hayo ni ya kale asome habari za Toccoa, jimbo la Georgia. Bwawa la Kelly Barnes lilianza kama la umeme, kisha likabaki ziwa la starehe. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 liliwaangukia watu wa chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake, wakafa 39. Miaka michache kabla yake, upande wa nje wa tuta ulikuwa umeporomoka sehemu, na picha ipo. Kwetu Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilikuwa la shamba la mtu binafsi. Lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40.

Mfano wa jimbo la Michigan, huko huko Marekani, ningependa klabu iusome kwa makini. Bwawa la Edenville lilikuwa mali ya kampuni binafsi, na nyumba za mapumziko zilizunguka ziwa lake. Mwaka 2018 mamlaka ya nishati iliifutia kampuni leseni ya kuzalisha umeme, sababu kubwa ikiwa uwezo mdogo wa kupitisha mafuriko. Bwawa likabaki limejaa. Tarehe 19 Mei 2020 tuta likaporomoka, na bwawa la Sanford lililo chini yake likafuata. Watu wapatao 10,000 walikuwa wameamriwa kuhama, na hakuna aliyekufa. Mali ilipotea, watu wakabaki, kwa kuwa walipewa taarifa mapema.

Sisi wa bondeni hatujui nani atatuambia. Hakuna king'ora, hakuna orodha ya namba za simu, wala ramani ya kuonyesha maji yatafika nyumba ipi. Mlinzi wa getini aliniambia akiona hatari atampigia katibu wa klabu. Katibu anaishi mjini.

Wapo majirani wanaotaka bwawa livunjwe kabisa. Siwaungi mkono. Linatunza maji, vijana wetu wanapata vibarua pale, na bwawa la udongo likitunzwa hudumu. Ninachotaka kianze sasa, kabla ya mvua, ni mbao na wavu kutolewa kwenye utoro. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Ziwa lishushwe polepole, kwa maelekezo ya mhandisi. Likishushwa kwa pupa, upande uliozoea maji unaweza kuteleza. Kamera ipitishwe ndani ya bomba. Mamlaka ya maji nayo ije na mkaguzi wake, isitegemee mkaguzi anayelipwa na klabu, na ripoti isomwe hadharani bondeni. Najua msimu wa mashua utaharibika. Uharibike.

Nimesoma tangazo la mkutano mkuu wa klabu lililobandikwa getini. Ajenda ina rangi ya gati, mashua mbili mpya na ada ya wanachama. Tuta halimo. Naomba liingizwe, liwe la kwanza, na wakazi wa bondeni tupewe viti humo ndani.

Fundi mstaafu, mkazi wa bondeni
(Jina na anwani vimehifadhiwa)