Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea tiba ya michezo: saa ambazo hamkuzifanya sizitii sahihi

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mmoja wenu alinikuta pembeni mwa uwanja wa Camp Toyoyo, pale Jericho, mechi ya vijana ikielekea ukingoni. Aliniamkia kwa heshima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza hali ya goti langu. Kisha akatoa logibuku, lile daftari la kuandikia saa za mafunzo, kwenye begi. Saa 40 za mafunzo ya vitendo, zote zimejazwa kwa kalamu moja na kwa mwandiko usiotikisika, kana kwamba ziliandikwa mezani usiku mmoja. Kilichobaki ni sahihi yangu. "Mzee, ni utaratibu tu," akaniambia. Nikamrudishia. Sikumfokea, na jina lake halitaonekana hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkadhani nawahubiria.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Kijana mmoja, winga mwepesi kama swala, alikanyaga vibaya mguu ukapinda kwa ndani. Nikaingia uwanjani mbio na ndoo yangu. Nikabonyeza kinundu cha nje cha kifundo, hakulalamika sana. Nikamfunga bandeji, nikampiga bega, nikamwambia aendelee. Akaendelea, maana mchezaji akiruhusiwa na fizio, mtaalamu wa viungo wa timu, hana tena sababu ya kukaa nje. Alichechemea wiki tatu. Alipopigwa picha, kitako cha metatarsali ya tano kilikuwa kimevunjika, ule mfupa unaotokeza ukingoni mwa wayo upande wa kidole kidogo. Mguu unapopinda kwa ndani, ukano wa msuli ulioshikilia pale huvuta kwa nguvu na unaweza kubandua kipande cha mfupa. Hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyajibu kwenye mtihani nikapasi. Jina la mfupa nilikuwa nalo kichwani, ila kidole gumba changu kilikuwa hakijawahi kukutana nao.

Leo mna bahati ya kufundishwa kanuni za Ottawa, zilizotoka Kanada mwaka 1992. Zinakuambia ubonyeze wapi: ukingo wa nyuma wa kila kinundu cha kifundo, sentimita 6 za mwisho mpaka nchani, kisha kile kitako cha metatarsali ya tano, kisha navikula, mfupa wa katikati ya wayo upande wa ndani. Halafu umwombe atembee hatua nne. Mfupa ukiuma sehemu hizo, au hatua nne zikimshinda, anakwenda kupigwa picha. Kuzikariri ni kazi ya nusu saa. Kuzitia vidoleni ni kazi ya miezi, na huwezi kuifanya kwenye mguu uliovimba wa mtu anayelia. Fanyeni kwa miguu mizima. Mko hosteli moja, vueni soksi mbonyezane. Mkishabonyeza vifundo 100 visivyo na tatizo, kile cha 101 kitajisema chenyewe. (Osheni miguu kwanza, tafadhali.)

Basi ndiyo maana ya zile saa. Wenzenu wa Marekani, ambako kazi hii ina jina lake na leseni yake na chama chao kilianza mwaka 1950, siku hizi huingia kwa shahada ya uzamili, na hawaufikii mtihani wa kitaifa kabla ya kushinda viwanjani na kliniki chini ya msimamizi anayewatazama mikono. Sisi wengi hupitia tiba ya viungo, ambayo ilipata sheria yake mwaka 2014, au sayansi ya michezo chuoni. Njia ni tofauti, kifundo ni kilekile.

Wala msidhani nadharau darasa. Wapo wazee wenzangu watakaowaambia anatomia na fiziolojia ni porojo, kazi inajulikana uwanjani. Msiwasikilize. Mimi nilikuwa uwanjani siku ile na sikuona kitu.

Sasa niwaulize jambo ambalo sijaliona kwenye logibuku ya mtu yeyote. Ukifika uwanjani, nani ana ufunguo wa lango la magari?

Mnacheka. Nimewahi kusimama kwenye uwanja mmoja wa hapa Nairobi, ambulensi inalia nje, lango lina kufuli, na mlinzi amekwenda kunywa chai. Tulimbeba mchezaji na machela tukampitisha kwenye kijilango cha watazamaji, watu wanasukumana kutupisha. Alikuwa amevunjika mguu tu, akapona. Ingekuwa moyo, sijui ningeandika nini leo.

Wa rika langu tunamkumbuka Marc-Vivien Foé, tarehe 26 Juni 2003, Lyon, Cameroon ikicheza na Colombia. Alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, na hakurudi. Nyinyi mnamkumbuka Christian Eriksen wa Denmark, tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen. Naye alianguka bila kuguswa, lakini kifua chake kilianza kubonyezwa palepale kwenye nyasi, mashine ya kushtua moyo ikatumika, na mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia. Mchezaji akianguka hivyo, chukulieni ni moyo mpaka mthibitishe vingine. Anaweza kuhema kwa kukoroma, miguu ikarukaruka. Watu watapiga kelele kwamba ni kifafa, na atatokea mmoja na kijiko cha kumtia mdomoni. Mwondoeni mtu wa kijiko. Bonyezeni kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na mmoja akimbilie mashine. Kama hajui iko wapi, mlishachelewa tangu asubuhi. Kwa hiyo nataka mfike uwanjani mapema, mwulize mashine iko wapi, ambulensi inaingilia wapi, na mlinzi anaitwa nani. Mnunulieni chai anywee langoni.

La kichwa nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Anayeshukiwa kupata mshtuko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo. Hata akitaja matokeo na jina la rais, harudi. Kocha atakwambia wewe ni mwanafunzi. Mjibu, "Ndiyo, kocha, na huyu harudi." Ujizoeze kuisema kwa sauti, hata bafuni, maana mara ya kwanza inakwama kooni.

Na joto. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai mnaijua. Unaweza kumaliza mafunzo yako yote hapa bila kumwona mtu aliyezidiwa na joto. Kisha timu inapelekwa Mombasa mwezi wa Februari, mechi saa nane mchana, na mchezaji anaanza kupepesuka, anaongea maneno yasiyo na mpangilio. Kipimo cha njia ya haja kubwa, ndicho cha kuaminika, kikisoma zaidi ya nyuzi 40 na akili imechanganyika, kazi ni kumpoza kwanza, safari ya hospitali baadaye. Mtumbukizeni kwenye maji ya barafu mwili mzima, kichwa kiwe nje, mpaka ashuke chini kidogo ya 39. Hamna beseni kubwa? Turubali, watu sita wakiinua kingo, maji na barafu katikati. Barafu Mombasa haikosekani, waulizeni wauza samaki. Lakini turubali liwe limeshaingia kwenye basi mkiwa bado Nairobi. Mtu anayepakia begi la timu mara nyingi ni mwanafunzi, na meneja hatalikumbuka.

Mengine ya kufunga bandeji, kupanga mazoezi ya kurudi na kuandika ripoti inayosomeka mtayapata kwa walimu wenu, tena wanayafundisha vizuri kuniliko.

Jumamosi hii niko palepale Jericho, mechi ya kwanza ni saa tatu. Njooni saa moja na nusu, kabla wachezaji hawajaanza kufungwa bandeji. Mje na glavu zenu, sina za kugawa. Na wewe kijana wangu wa saa 40, njoo pia. Zile kurasa zichane, uje na tupu. Mlinzi wa lango anakunywa chai ya tangawizi, bila sukari.

Mzee wenu wa ndoo,
Jericho, Nairobi