Malalamiko kuhusu taa za nyuma zilizotengenezwa bila kupimwa

Tanga,
11 Agosti 2025

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu,

YAH: MATENGENEZO YA TAA ZA NYUMA, TOYOTA COROLLA YA MWAKA 1998

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Gari hili nimelileta kwenu kwa kumwaga oili, kwa breki, kwa mkanda wa taiming, na sikuwahi kuwa na neno. Safari hii ninalo, na naliandika kwa sababu pale mapokezi nililisema kwa mdomo likaishia hapo hapo.

Nilipoleta gari nilieleza tatizo kinagaubaga na mhudumu wenu akaliandika kwenye kadi ya kazi. Usiku, taa zikiwa zimewashwa, nikikanyaga breki taa ya nyuma kushoto inafifia. Nikiwasha indiketa huku nimekanyaga breki, taa yote ya upande ule inapepesa. Mchana, swichi ya taa ikiwa imezimwa, nikikanyaga breki dashibodi inapata mwanga hafifu. Fundi umeme wa magari akisikia maneno hayo anajua pa kuanzia: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Balbu ya nyuma ya gari hili ina nyuzi mbili za kuwaka, mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku na mwingine wa wati 21 kwa breki, na zote mbili zinarudisha umeme kwa waya mmoja uliofungwa kwenye bodi. Waya huo ukishika kutu, umeme unatafuta pengine pa kurudia: unapita kwenye uzi wa pili, kwenye indiketa, mpaka kwenye dashibodi. Gari la umri huu, tena lililokaa pwani ambako chumvi ya bahari inakula mabati ya nyumba, ethi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Nyinyi hamkuipima. Mlibadilisha balbu, tatizo likabaki pale pale. Mkaniambia soketi zimechoka, kwa hiyo ninunue taa nzima ya kushoto, na nikainunua kwenu. Ankara yenu ya shilingi 185,000, taa na ufundi, ninayo pamoja na risiti ya EFD. Taa mpya ikawa inafifia vile vile kama ya zamani.

Ningeweza kuyamezea hayo. Lililofuata siwezi.

Baada ya taa hiyo kufungwa, mke wangu alikuwa akitoka Korogwe usiku na watoto. Njiani dashibodi ikazimika. Taa za mbele zilikuwa zinawaka, akaendelea kuendesha. Alichokuwa hajui ni kwamba fyuzi inayolisha mwanga wa dashibodi ndiyo hiyo hiyo inayolisha taa za nyuma. Kabla ya kufika Muheza, lori lililokuwa nyuma yake likampigia honi mfululizo na kumwashia taa kali mpaka akaingia pembeni. Dereva wa lori alishuka kumwambia kwamba amemwona akiwa karibu mno, na kwamba nyuma hakuna taa hata moja. Namshukuru mtu yule kila nikikumbuka. Faini ya trafiki ya shilingi 30,000 ningeilipa. Watoto wangu walikuwa kiti cha nyuma.

Nikarudisha gari kwenu. Fundi wenu akasema fyuzi ilikuwa "ndogo", akaweka nyingine, akanirudishia funguo. Kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi imeandikwa 10, yaani ampea 10, mahali hapo. Yeye aliondoa nyekundu ya 10 akaweka ya kijani ya 30. Taa zote za saketi ile zikiwaka pamoja hazifiki hata ampea 5. Fyuzi ya 10 ikikatika, kwa kawaida tatizo liko kwenye waya, na kazi ya fundi ni kuutafuta huo waya.

Waya wenyewe aliupata fundi wa mtaani kule Ngamiani. Kwanza aliunga waya mrefu kutoka hasi ya betri mpaka kwenye ethi ya taa ya kushoto, akaniambia nikanyage breki. Taa ikawaka wazi, ya usiku na ya breki, bila kufifia. Akatoa kapeti ya pembeni ndani ya buti. Bolti ya ethi ilikuwa imevaa unga mweupe na kijani, na kichwa cha waya kilikatika mkononi mwake. Akasugua bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, akafunga kichwa kipya na kupaka grisi. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 10,000.

Halafu akafungua taa mliyoifunga nyinyi. Nyuma yake, waya wa taa ya usiku ulikuwa umebanwa kati ya taa na bodi, ganda limechanika, shaba inagusa bati. Hiyo ndiyo shoti iliyokata fyuzi. Kuanzia hapo kurudi mbele, ganda la waya lilikuwa limelainika na kugandana na nyaya za jirani, kwa sababu fyuzi ya 30 iliacha umeme mwingi mno upite. Juu ya nyaya hizo kuna kapeti, na chini ya kiti cha nyuma kuna tangi la petroli. Picha zote nimeziambatisha.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 185,000 zote, maana taa niliyouziwa haikuhitajika. Mlipe gharama ya kubadilisha nyaya zilizoungua, kwa ankara ya fundi nitakayemchagua mwenyewe. Na muwaite wateja wote ambao magari yao yalipita kwa fundi wenu aliyeweka fyuzi ya 30 kwa kazi ya umeme, mkague fyuzi zao moja moja kwa kulinganisha na kifuniko. Hili la tatu ndilo kubwa kwangu, kwa sababu wao hawajui kilichomo ndani ya magari yao.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Naomba pia mnirudishie taa yangu ya zamani mliyobaki nayo. Ilikuwa nzima.

Mteja wenu,
mwenye gari