Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: moli zirekodiwe kabla ya kubomolewa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa sababu kila kibali cha kubomoa jengo kubwa hupita mezani kwako. Mimi muda wangu wa mapumziko naupitisha ndani ya majengo yanayosubiri kibali hicho. Naweka kumbukumbu za moli za mkoa huu, zile za zamani zenye maduka yanayotazamana chini ya paa moja. Napiga picha, nachora ramani za korido, naandika duka gani lilikuwa wapi na lilihama lini. Ninachoomba ni kwamba moli yoyote isibomolewe kabla ndani yake hakujarekodiwa.

Nasisitiza ndani. Kwa nje, moli ni kuta tupu na maegesho. Ndivyo ilivyokuwa tangu moli ya Southdale ya Edina, Minnesota, Marekani, iliyofunguliwa Oktoba 1956. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, aliyageuza maduka yatazame ndani, akaezeka paa juu ya njia za kupita na kufunga mitambo ya hewa, ili watu watembee bila makoti hata theluji ikianguka nje. Katikati aliacha ua mpana wenye mimea na sanamu ndefu za chuma za Harry Bertoia. Picha ya satelaiti haioni lolote kati ya hayo. Inaona paa.

Na ndani kuna mengi ya kusoma. Juu ya duka lililofungwa, herufi za bango zimeng'olewa, lakini ukuta uliokuwa nyuma yake haukupata vumbi, hivyo jina bado linasomeka. Pengine chini yake limejificha jina la duka lililotangulia. Vigae vya sakafu vikibadilika rangi ghafla katikati ya korido, mara nyingi hapo ndipo jengo liliishia kabla ya kupanuliwa. Duara la vigae vipya kwenye ua linaweza kuwa chemchemi iliyofukiwa. Kuna pia ule ubao wa ramani mlangoni, wenye orodha ya maduka yote na namba zake. Kwa mtafiti ubao huo ni hazina, lakini jengo likifungwa hutupwa pamoja na takataka.

Najua moli ni mali ya mtu, na mlinzi anayenizuia kupiga picha yuko kazini. Sina ugomvi naye. Lakini mwenye mali akija kwako kuomba kibali, hapo umma una haki ya kutoa sharti. Uingereza, mamlaka za mipango huweza kumtaka mwendelezaji arekodi jengo lenye thamani ya kihistoria kabla ya kuliangusha. Marekani ina mpango wa serikali wa kurekodi majengo tangu 1933, na michoro na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge.

Wakati wa kurekodi ni sasa, taa zikiwa bado zinawaka. Moli hufa polepole. Duka kubwa la mwisho wa korido likiondoka, wateja hupungua, na mikataba ya wapangaji wadogo mara nyingi huwaruhusu kupunguziwa kodi au kuvunja mkataba. Umeme ukikatwa na paa likianza kuvuja, dari huanguka na kuingia kunakuwa hatari. Dixie Square ya Harvey, Illinois, ilifunguliwa 1966, ikafungwa 1978, na ikabaki gofu hadi ilipobomolewa 2012. Jengo likishaoza hivyo, utarekodi nini?

Wapo watakaokwambia moli si urithi, ni biashara tu. Gruen mwenyewe baadaye alizikana. Southdale aliipanga iwe kitovu cha mji wenye nyumba, shule na huduma za afya, lakini alichokiona kikienea ni maduka na bahari ya maegesho. Kwangu hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kutunza ramani zake. Mpangaji wa miji wa kesho atataka kuona kilichokusudiwa, kilichojengwa na pale viwili hivyo vilipoachana.

Hata vitu vyenyewe vinaweza kuokolewa. Northland ya Southfield, Michigan, kazi nyingine ya Gruen, ilipofungwa 2015, sanamu ya mvulana na dubu ya Marshall Fredericks ilihamishiwa maktaba ya umma ya mji huo. Watoto bado wanaiona.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, agiza mwombaji wa kibali akabidhi nakala ya michoro ya sakafu, pamoja na ile ya upanuzi, kwa hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Aruhusu wapiga picha waingie chini ya usimamizi wake, kabla umeme haujakatwa. Picha na ramani nilizokusanya nitazitoa bure kwa hifadhi hiyo, na niko tayari kukaa na maofisa wako kuzipanga kwa jengo na kwa mwaka. Naomba unipangie siku.

Wako mtiifu,
Mwekaji kumbukumbu za moli za mkoa