Mafaili kuwa kwenye wingu si sawa na kuwa na nakala rudufu

Wateja wetu wengi hawaulizi maana ya maneno. Fundi akitaja seva, ruta na faya-wali, wanaitikia kwa kichwa na kulipa ankara. Kwa maneno ya vifaa, hakuna shida: ruta ni kile kifaa kinachogawa intaneti ofisini, seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, faya-wali ni kizuizi kinachochuja kinachoingia na kutoka. Inatosha. Ila yapo maneno machache ambayo usipoyaelewa utajiona umelindwa kumbe uko wazi.

Linaloongoza ni nakala rudufu. Tukimuuliza mwenye biashara kama anazo, jibu la kawaida ni kwamba mafaili yote yako kwenye wingu. Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine zinazokuhifadhia data, nawe unazifikia kwa intaneti. Sasa, huduma nyingi za aina hiyo kazi yake ni kusawazisha: unachobadilisha kwako kinabadilika na kule, papo hapo. Mfanyakazi akifuta folda ya ankara, na kule inafutika. Kwa kawaida itakaa kwenye pipa la taka kwa muda, na muda huo ukiisha imekwenda. Nakala rudufu ni data zako kama zilivyokuwa jana au wiki iliyopita, zikiwa mahali ambapo kosa la leo haliwezi kuzifikia. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, na 1 kati ya hizo ikae nje ya ofisi. Tena ijaribiwe. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha, sisi tunaihesabu kuwa haipo.

Umuhimu wake unaonekana zaidi kwa programu za kikombozi, zile zinazofunga mafaili yako kwa msimbo kisha zikadai malipo ili uyafungue. Mwezi Mei 2017 programu ya aina hiyo iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga kazi za hospitali nchini Uingereza. Inachouma ni kwamba tundu la usalama la Windows ambalo programu hiyo ililitumia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft kwa sasisho, yaani marekebisho ya programu, tangu Machi mwaka huohuo; waliolipata sasisho hilo na kuliweka walisalimika na njia hiyo. Kwa hiyo ule ujumbe wa sasisho unaoahirishwa kila asubuhi si usumbufu tu. Na kama bado mnatumia Windows 10, jueni kwamba huduma yake ya kawaida ya masasisho ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hadaa ya barua pepe haihitaji tundu lolote kwenye kompyuta. Inamhitaji mtu mwenye haraka. Mdukuzi anajifanya msambazaji wenu wa siku zote, anatuma ankara inayofanana kabisa na zile za kweli, ila namba ya akaunti imebadilika. Wakati mwingine barua inatoka kwenye anwani halisi ya msambazaji kwa sababu yeye ndiye aliyedukuliwa, hivyo kukagua anwani pekee hakutoshi. Akaunti ikibadilika, piga simu kabla ya kulipa, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali na si ile iliyoandikwa kwenye barua. Wala usitulizwe na alama ya kufuli kwenye kivinjari: inasema mawasiliano yenu na tovuti hiyo yamesimbwa, yaani yamegeuzwa yasisomeke na wengine, haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao wanazo kufuli.

VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva yake kwanza, tunaulizwa sana, pengine kwa sababu ya matangazo. Inasimba mawasiliano kati ya kifaa chako na seva ya VPN. Ukifungua kiambatisho chenye virusi, haitakuzuia.

Kuliko kulipia VPN, afadhali utumie muda wako kwenye uthibitisho wa hatua mbili, ambao mara nyingi ni bure: baada ya nywila, mfumo unadai kitu cha pili, kama msimbo (namba ya muda mfupi) wa kwenye simu. Msimbo wa programu maalumu ni salama kuliko wa SMS, lakini wa SMS ni bora kuliko kutokuwa nao. Asiambiwe mtu msimbo huo, hata anayejitambulisha kuwa fundi wetu. Anza na barua pepe ya biashara kabla ya akaunti nyingine, maana anayeishika hiyo anaweza kuomba kubadilishiwa nywila za nyingine zote.