Uzamivu wa lugha ya pili hauandikwi kwa hojaji peke yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na walimu wa Kigoma wanaojiandaa kusoma shahada ya uzamivu katika ujifunzaji na ufundishaji wa lugha ya pili. Mkoa huu una data tele. Watoto wengi wa vijijini Kasulu, Buhigwe na Kibondo hukua na Kiha, husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza.

Lakini maandiko mengi ya kupendekeza utafiti, yanayopelekwa chuoni wakati wa kuomba, huanza na maneno yaleyale: "Changamoto za ufundishaji wa..." Mwombaji hupanga kugawa hojaji kwa walimu, ahesabu asilimia, amalize. Hojaji itamwonyesha walimu wanavyofikiri. Haitamwonyesha mwanafunzi anajua nini katika lugha anayojifunza, na fani hii inauliza hilo kwanza.

Anzeni na jambo dogo linalosikika darasani. Mwanafunzi msemaji wa Kiha anaandika "kurara" badala ya "kulala", na "katoto" badala ya "kitoto". Usiyaweke mawili haya kwenye kapu moja. La kwanza linatokana na sauti: Kiha hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. La pili lina mtego, maana "katoto" husemwa pia na watu wazima wengi wa bara wanaokimudu Kiswahili vizuri kabisa. Ukilihesabu kuwa kosa kabla ya kusikiliza Kiswahili cha mtaani anakoishi mtoto huyo, jedwali lako zima la makosa linaharibika. Tena tenganisha kosa linalojirudia na kuteleza kwa mara moja; mwanaisimu S. Pit Corder alieleza tofauti hiyo mwaka 1967.

Kwa kila mwanafunzi kusanyeni insha pamoja na masimulizi ya mdomo, kwa mfano apewe picha nne asimulie kisa. Kwenye insha ana muda wa kujisahihisha, akizungumza hana. Hesabuni mapema kazi ya kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno kilichorekodiwa: saa moja ya sauti hula saa 6 hadi 10, na zaidi mtoto anapochanganya lugha. Kwa hiyo rekodi za saa 40 ni saa 240 kwa uchache, kabla hujachambua hata sentensi moja. Mvua ikipiga bati la darasa, kinasa sauti kilichoachwa mezani hakiambulii kitu; tumieni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na vipindi muhimu viwekwe kiangazi. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, kwa hiyo msitegemee kupewa vipindi vyao. Mkiwafuatilia wanafunzi mwaka mzima, anzeni na 30 kama mnahitaji 20, kwa sababu wengine watahama.

Kuhusu chuo, angalieni muundo wa programu. Panapotolewa uzamivu wa tasnifu pekee, andiko lenu lazima liwe limeiva siku ya kuomba. Marekani, kwa mfano Chuo Kikuu cha Arizona chenye programu ya fani hii, mnasoma kozi kwanza na kufanya mtihani mpana kabla ya tasnifu. Kwa mwalimu aliyekaa mbali na nadharia miaka mingi, njia hii ya pili ina faida, ingawa ni ndefu.

Vibali visiachwe mwisho. Barua ya chuo hupita ofisi ya mkoa, kisha wilaya na halmashauri, ndipo imfikie mwalimu mkuu. Tengeni wiki kadhaa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiha mzazi asipoelewa Kiswahili cha ofisini, na mtoto naye aulizwe kama anakubali kurekodiwa, hata kama mzazi ameshasaini.

Walimu na watafiti wa lugha,
Kasulu, Kigoma.