Mgonjwa wa saratani akisema tumbo linauma, muulizeni kwanza linaumaje

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na familia zinazouguza wagonjwa wa saratani hapa mkoani Tanga, wa mjini na wa Muheza, Pangani, Mkinga na kwingineko. Wengi wanatibiwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, wengine KCMC Moshi, kisha wanarudi nyumbani kusubiri tarehe nyingine. Kati ya dripu moja ya kemo, yaani dawa za saratani, na nyingine mara nyingi zinapita wiki tatu. Katika wiki hizo hakuna daktari wala muuguzi wa zamu, kuna mama, mke, dada au mkwe na jiko lake. Ndipo mwili unapokwisha, kwa sababu mgonjwa hali, na ukimuuliza ana nini anajibu neno moja: tumbo.

Neno hilo limebeba mambo mengi, lakini majumbani linapewa jibu lilelile. Anachemshiwa mwarobaini, anapewa shubiri, au anatumwa mtoto duka la dawa akalete diklofenaki. Akiwa mwanamke, wazee watasema ni chango na mizizi itaingia chunguni. Tunawasihi ndugu zetu, kabla ya lolote kati ya hayo, mgonjwa aulizwe: linauma wapi, linaumaje, limeanza siku ya ngapi tangu dawa, na choo kikoje.

Likiwa linachoma kwenye chembe cha moyo, moto ukapanda kooni na kuzidi akilala, hiyo mara nyingi ni tindikali. Deksamethasoni, ambayo wengi hupewa pamoja na kemo, huchangia, ndiyo maana vidonge vyake humezwa asubuhi na chakula, si juu ya tumbo tupu. Asilale chali mpaka saa moja ipite tangu ale, na kichwa kiinuliwe kwa mito miwili. Diklofenaki na aspirini hapa ni hatari tupu. Zinachubua tumbo, zinaelemea figo za mtu aliyekwisha kukaukiwa maji, na kemo ikiwa imeshusha chembe za kugandisha damu, kidonda kidogo tu kinaweza kuvuja damu kisikome.

Likiwa limejaa, zito, lina gesi, na siku ya tatu hajapata choo, tazameni dawa anazotumia. Ondansetroni ya kuzuia kutapika hufunga choo. Mofini, ile ya maji inayotolewa kwa maumivu makali, hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia. Usingizi na kichefuchefu cha mofini hupungua baada ya siku chache, ila kufunga choo hakuzoeleki, kutakuwapo muda wote dawa inapotumika. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile mofini inapoanza. Wengi wanafanya kinyume: tumbo likijaa wanaisimamisha mofini, maumivu yanarudi kwa nguvu, mgonjwa anaacha kula kabisa. Na wapo wanaoificha kabatini wakiamini ni dawa ya kufia. Mofini ni dawa ya maumivu. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichoandika daktari, na haingoji mtu aanze kulia.

Papai bivu, maji ya kutosha na kutembea kidogo uani husaidia choo. Lakini tumbo likivimba likawa gumu, mgonjwa anatapika, hapati choo wala hatoi upepo, msimpe dawa ya kufungua choo ya aina yoyote. Huenda utumbo umeziba. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Tumbo la kukata linalokuja na kuharisha ni jingine tena. Mwanamke anayepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huanza kuharisha wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu mionzi inaugusa utumbo na ngozi yake ya ndani inachubuka. Haikuletwa na chakula kibaya wala mkono wa mtu. Kwa kipindi hicho ampumzishe utumbo: maharage, kunde, kisamvu, vitu vya kukaanga na tui zito viwekwe kando. Ale wali laini, ndizi mbivu, viazi, samaki wa kuchemsha. Mionzi ikiisha, hali hutulia ndani ya wiki chache na vyakula vile vinarudishwa polepole. Shubiri haina nafasi hapa, maana yenyewe inaharisha.

Kila akitoka chooni anywe glasi moja ya ORS, paketi moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na ikifika saa 24 ibaki isibaki imwagwe. Paketi zikikosekana: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni madhara. Sisi watu wa pwani tunakimbilia madafu. Ni mazuri kwa kinywaji, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo mno na sodiamu ndiyo inayomwagika kwa kuhara. Mpeni dafu na ORS, msimpe dafu badala ya ORS. Kama anatapika, ngojeni dakika kumi, kisha kijiko kimoja cha chakula kila dakika tano. Akiigugumia glasi nzima kwa kiu, itarudi.

Sasa chakula chenyewe. Sahani iliyojaa inamshinda mgonjwa kabla hajaigusa. Mrundiko wa bada, ugali wa muhogo, na samaki mzima juu yake, ndugu watatu wamemzunguka wanasema "kula, mama, upate nguvu", hapo anashika tonge moja na kusukuma sahani, na wote wanaumia. Mwekeeni vijiko vitano kwenye kibakuli cha chai, baada ya saa mbili tena, mara sita hadi nane kwa siku. Saa anazojisikia vizuri, kwa wengi asubuhi, ndizo za kumpa kilicho kizito. Maji anywe kati ya milo, kwa sababu akinywa na chakula anashiba maji.

Harufu inamaliza hamu kuliko ladha. Samaki akaangwe mbali na chumba chake, na chakula kimfikie kikiwa kimepoa, maana chakula cha moto hutoa harufu zaidi. Akilalamika kila kitu kina ladha ya chuma, mpeni kijiko cha mbao au plastiki, na jaribuni mayai yaliyoiva sawasawa, kuku au samaki badala ya nyama ya ng'ombe. Kama mdomo hauna vidonda, ndimu kidogo inasaidia.

Uji ndio unaowaokoa wengi, na ndio unaopikwa vibaya. Mwepesi unaonyweka ni maji yenye rangi ya unga. Mzito wenye nguvu haupiti kooni. Kuna njia ya zamani ya kimea. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwenye gunia bichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, machipukizi yanafikichwa na kupepetwa, kisha unasagwa. Tumieni ulezi, msitumie mtama, kwa sababu mtama ukichipua hutengeneza sumu. Pikeni uji kwa vikombe viwili vya unga kwenye lita moja ya maji. Utakuwa mzito, mwiko unasimama. Epueni, acheni upoe mpaka kidole kivumilie, kisha tieni kijiko kimoja au viwili vya chakula vya kimea na mkoroge. Ndani ya dakika chache mwiko unalegea, na dakika kumi hazipiti uji unamiminika kama wa kawaida, ilhali unga wote umo. Kimea kinavunja wanga ulioshika maji. Rudisheni motoni uchemke dakika tano, maana kimea ni unga mbichi. Kikitiwa uji ukiwa unatokota hakifanyi kazi, moto unakiua. Ongezeni kijiko cha siagi ya karanga, cha tui zito kama haharishi, na cha unga wa dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kupondwa. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, zina sumukuvu.

Vidonda vya mdomoni hutokea zaidi kuanzia siku ya tano hivi baada ya kemo. Machungwa ya Muheza, ndimu, pilipili manga kwenye uji na chai ya tangawizi kali vyote vinachoma, viwekwe pembeni mpaka mdomo upone. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja chenye robo kijiko cha chai cha chumvi na robo ya baking soda, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, ateme. Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine, yasitumike. Utando mweupe ukitanda ulimini huenda ni fangasi, unahitaji dawa. Akikohoa kila anapomeza, acheni kumlisha na mwonesheni daktari, chakula kinaelekea kwenye mapafu.

Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kwa saa iliyoandikwa hata kama hajisikii vibaya. Kichefuchefu cha siku ya pili hadi ya tano huzuilika vizuri kabla hakijaanza, kikishashika kidonge chenyewe kitatapikwa. Na Ramadhani ikifika, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Mashehe watusaidie kulisema hilo kwa sauti, maana wapo wanaoona haya kula mchana na wanaruka dawa.

Homa ndiyo inayotutisha kuliko yote. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo chembe nyeupe za damu kwa kawaida huwa chini kabisa. Maziwa yasiyochemshwa, kachumbari na kiporo vinaweza kumletea ugonjwa ambao wengine nyumbani hawauoni. Kila nyumba iwe na kipimajoto, na apimwe kabla ya kupewa panadoli, kwa sababu panadoli inaificha homa bila kuondoa maambukizi. Ikifika 38 msingoje asubuhi. Vivyo hivyo kwa choo cheusi kama lami, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi, kutapika damu, au kupitisha saa nane bila mkojo.

Kwa kliniki zinazowaruhusu wagonjwa hawa tuna ombi. Daftari la mgonjwa liandikwe majina ya dawa alizotundikiwa, tarehe, siku ambazo damu inatazamiwa kushuka, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Panapoandikwa mofini, na dawa ya choo iandikwe papo hapo. Mgonjwa akifika kituo cha afya cha kijijini saa saba usiku ana homa na daftari linasema "amepata tiba, arudi baada ya wiki tatu", mganga wa zamu atampima malaria na kumrudisha nyumbani.

Wahudumu wa tiba shufaa majumbani,
Tanga