Matokeo ya utafiti yanashukia wapi?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani kulinunua, na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya wiki iliyopita kuhusu watafiti wa mimea ya Kilimanjaro, yenye picha ya mzungu kando ya senesio, ule mmea mkubwa kama mti unaoota juu mlimani, imenishinda. Eti wananchi wanaouzunguka mlima hawana uelewa wa mimea hiyo na mazingira yake. Watautoa wapi?

Nimekuwa mgumu miaka 19. Kwa asiyejua, mgumu ndiye anayebeba mizigo ya wageni: mahema, mitungi ya gesi, hadi kiti cha choo. Mwaka mmoja nikapangwa na kundi la watafiti, tukakaa siku 11 Horombo, kambi ya njia ya Marangu iliyo mita 3,720 juu, msitu ukiwa umebaki chini. Kazi ilikuwa kushika futi kamba, kupigilia vigingi na kuhesabu mimea. Nahesabu mimi, wanaandika wao. Siku ya nne mmoja wao akaanza kunyofoa majani makavu ya senesio ili apime unene wa shina. Majani yale yakifa hayadondoki, yananing'inia kulizunguka shina kama blanketi, na usiku maji yakiganda kwenye ndoo ndiyo yanayolikinga. Nikamwambia, bwana, huo mti unauvua koti. Akacheka, akanipiga picha. Misimu miwili baadaye napita na wageni wengine: kigingi kipo, kibati cha namba kipo, senesio imekauka na kulala chini. Mmea ule hukua polepole mno, pengine ulikuwepo kabla babu yangu hajatahiriwa, na umekufa kwa ajili ya namba moja ya kwenye daftari, ambayo hadi leo sijui ilisema nini, kwa sababu hakuna aliyerudi kutueleza, si mimi niliyehesabu, si mwenyekiti wa kijiji, si mwalimu wa sayansi wa shule iliyo chini ya geti la hifadhi, anayewachorea watoto mlima ubaoni ilhali wanauona dirishani.

Moto ukiwaka, kama Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, hapo ndipo tunakumbukwa: mara warina asali, mara wagumu waliokuwa wanapasha chakula. Sikatai, mikono ya watu imo. Lakini nani ametuambia kwa Kiswahili kwamba ile miti ya erika inanasa ukungu, maji yakatona hadi kwenye mito inayolisha mifongo yetu, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, na kwamba moto umeuteketeza msitu huo na kuusogeza chini ukingo wake wa juu? Mimi nimelisikia kwa mgeni Mjerumani aliyekuja kutembea tu.

Na karatasi za chooni je? Nyuma ya kila jiwe. Mgumu akizidisha kilo 20 getini anapunguziwa mzigo, au anarudishwa nyumbani bila ujira. Karatasi haina mzani.

Ushauri wangu: mtafiti asipewe kibali cha pili kabla hajabandika matokeo ya kile cha kwanza soko la Marangu Mtoni, upande wa wauza ndizi, si kwenye ubao wa ofisi ambao hausomwi na mtu. Karatasi moja, Kiswahili, herufi kubwa. Akishindwa, abebe mwenyewe kilo 20 hadi Horombo, daftari nitamshikia mimi.

Kigingi ni namba 37. Mwenyewe aje akichukue.

Mgumu,
Marangu